Safu ya Mlango

Algiers, 3 Februari 2012

Mama mpenzi,

Goti linasemaje na baridi hii? Mimi ni mzima wa mwili, ila tangu arubaini ya Baba silali vizuri. Simu zenu hazishiki tangu theluji iangushe mnara, ndiyo maana naandika.

Nimefanya kosa kubwa. Vile vipimo vya ardhi ambavyo mtambo wa Baba ulichukua mlimani, juu ya nyumba zenu, miaka kumi na moja, kila dakika, vilikuwa kwenye faili moja hapa ofisini. Nikiiuliza kwa Python, lugha ya kompyuta, "nipe saa ambazo ardhi ilisogea zaidi ya milimita mbili," inapekua mamilioni ya mistari na kunijibu kabla sijameza mate. Jumatano nilitaka kuongeza vya Januari. Faili hufunguliwa kwa herufi: "a" ni kuongeza, "w" ni kuandika upya. Nikaandika "w". Haikuuliza kitu, ikafuta vyote. Nakala ya akiba hujinakili yenyewe, nayo ikachukua utupu uleule.

Bila vipimo vya zamani hatujui mlima utafanya nini theluji ikiyeyuka, nawe uko chini yake. Mkuu wangu bado sijamwambia. Baba aliacha diski yoyote nyumbani?

Binti yako,
Tassadit

Ighil Oumlal, 9 Februari

Mwanangu Tassadit,

Barua nimeipata. Goti linalalamika, si jipya. Nipo, na nyumba imekuwa kubwa.

Diski ilikuwa kwenye mtungi wa tini kavu, ndani ya soksi niliyomfumia ikatoka kubwa mno. Nilikuwa nikimtania kwamba anaitunza kuliko meno yake. Amar wa posta atakuletea mwenyewe.

Theluji inayeyuka. Mlango wa chumba cha kulala umegoma kufungika tangu asubuhi. Usinisukume niende kwa mama yako mdogo Ferroudja. Koti la baba yako bado liko msumarini, siwezi kuliacha peke yake. Tena yeye ndiye aliyekuwa akiikimbilia kuskusi ya Ferroudja, hata kwenye matope. Yangu aliila kimya.

Mama yako

Algiers, 10 Februari

Mama,

Nisamehe, leo sikuulizi hali. Amar anasubiri na gari linanguruma.

Diski nimeifungua kwa "r", kusoma tu. Vipimo vyote vimo. Mkuu nimemwambia. Akasema, "Afadhali wewe. Mimi kosa langu nililificha mwezi mzima."

Lakini Baba aliongeza safu ambayo jedwali la ofisi halikuwa nayo. Aliiita "mlango". Kila mlango wa chumba chenu ulipogoma, aliandika 1. Nimeuliza siku zote zenye 1, zimetoka nne. Kila mara, ndani ya siku tatu, mlima ulisogea zaidi kuliko wakati mwingine wowote. Na mara zote nne pembeni kuna maneno yaleyale: "Tumelala kwa Ferroudja."

Mlango wako umegoma tangu jana. Beba koti, Mama. Panda gari la Amar.

Tassadit

Kwa Ferroudja, 19 Februari

Mwanangu,

Najua umengoja.

Nilibishana na Amar hadi kahawa ikapoa. Akalichukua koti akaliweka garini, nikalifuata. Majirani nao tuliwagongea. Jumapili iliyopita mchana mlima ulishuka na ukuta wa chumba, kitanda kikaenda nao. Hakuna aliyeumia. Bado nikisikia maji yakitiririka nasimama.

Nimekaa nikiiwaza safu hiyo. Mara zote ni mimi niliyemwambia baba yako, "Arezki, mlango unagoma." Naye akasema, "Vaa twende, nina hamu ya kuskusi ya Ferroudja." Nilikuwa nikinuna njia nzima.

Leo Ferroudja ameniambia kwamba kwake baba yako hakuwahi kumaliza sahani.

Mama yako