Barua Iliyorudi na Bahasha Yake

Jumapili, 2 Juni 2024

Leo nimepata sababu ya kulifungua daftari hili. Wiki mbili lilikuwa kabatini, limefungwa ndani ya kitambaa. Limetoka Bujumbura: jalada la kijani, utepe wa kuwekea alama, karatasi nzito za rangi ya maziwa. Kila jioni nililinusa, nikalirudisha. Mtu wa miaka thelathini na nane, mwalimu wa darasa la sita! Niliogopa kuliharibu kwa habari za mvua na chaki.

Sasa nina habari inayolistahili. Marie-Rose amekubali. Tulikuwa tunatoka misa, watu wamejaa mlangoni, yeye anahangaika na mwavuli wake, akaniambia bila kunitazama kwamba nilete barua. Basi. Nilete barua! Nimefika nyumbani Kilibula sijui nimepita njia gani.

Nampenda. Naandika hivyo hapa kwa kuwa hakuna atakayesoma.

Jumanne, 4 Juni

Barua. Jamaa ya mwanaume inaiandikia jamaa ya msichana, mkubwa kwa mkubwa, kwa mkono, kwenye karatasi safi. Ukienda bila barua, hata kiti hupewi. Na mtaani kwetu barua hizo naziandika mimi. Kumi na moja mpaka sasa, na zote zimejibiwa vizuri. Nimewaozesha watu nusu ya Kilibula kwa kalamu ya wino, mwenyewe nikabaki kulamba bahasha.

Shida ni hii: mwoaji hajiandikii. Anaandikiwa na mkubwa wake. Mkubwa wangu ni baba mdogo Damien, kule milimani Rurambo, na mwandiko wa baba mdogo — ng'ombe wake wangeandika vizuri zaidi. Nimwachie huyo mtu Marie-Rose wangu? Hapana. Nitaandika mimi, yeye atie sahihi tu. Nani atajua?

Ijumaa, 7 Juni

Nimeharibu karatasi sita. Katika ya kwanza herufi M ya Marie-Rose ilivimba. Katika ya nne nilipiga chafya. Nimetumia zile zenye ukingo wa bluu, ambazo hata padri nilimficha. Wino mweusi — wa bluu ni wa wanafunzi. Pembeni nimeacha upana wa vidole viwili.

Kusema kweli, ni nzuri kuliko zote kumi na moja. Nimeiegemeza kwenye thermos niitazame huku ninakula. Maharage yamepoa.

Jumamosi, 8 Juni

Baba mdogo ameteremka. Amesoma polepole, kidole chini ya kila neno. Akauliza kwa nini inanukia. (Niliipaka marashi. Kidogo tu.) Akasema barua hii inajisifu kuliko mwoaji mwenyewe. Lakini ametia sahihi, akaipeleka Nyamianda kwa Papa Rénovat, baba yake Marie-Rose. Imepokelewa! Wamempa na kinywaji.

Jumatatu, 10 Juni

Imerudi.

Imerudi ndani ya bahasha yake ileile. Ameileta Mama Inamahoro, shangazi yake Marie-Rose, pale shuleni, muda wa mapumziko, mbele ya walimu wenzangu. Nilimpa kiti, hakukaa.

"Ile mwandiko tunaijua, mwalimu," akasema. "Njo iliombaka Délice wetu mwaka jana. Muntu hajiombeake mwanamuke yeye mwenyewe. Kama hauna jamaa, useme tu."

Kweli, barua ya kumwomba Délice, binti wa jamaa yao, niliiandika mimi. Nilidhani ninaandika barua za watu. Kumbe nilikuwa ninaacha sura yangu katika kila kabati la mji huu! Mwenzangu mmoja akanifariji kwamba angalau mwandiko umetambulika. Nimeona aibu mpaka masikio yakawaka.

Jioni ujumbe wa Marie-Rose kwenye simu: "Weye na makaratasi yako." Hakuna zaidi. Nimeusoma mara nyingi kutafuta kama amecheka au amekasirika.

Alhamisi, 13 Juni

Nimepanda Rurambo kuomba radhi na kuomba barua. Baba mdogo amechana karatasi katikati ya kaye, daftari la shule la mtoto wake, lile la vyumba vyumba. Biki nyekundu. Nyekundu! Nilimwekea mbele karatasi yangu na kalamu yangu, akavisukuma pembeni kama chakula cha jana. Akabonyeza mpaka karatasi ikatoboka mahali pawili. Ukingo hakuacha. Mistari yote inapanda mlima.

Nimeisoma. Anasema: tunaomba binti yenu. Kijana wetu hanywi sana. Hajawahi kumpiga mtu. Anapenda makaratasi, lakini tunafikiri ataacha. Baba yake angekuwa hai angekuja kwenu kwa miguu kutoka huku, basi mimi ninakuja kwa miguu yake.

Nimemsihi aniruhusu nirekebishe walau hapo kwenye makaratasi.

"Minye njo muzazi," akasema. Mzazi ni yeye, si kalamu yangu. Akaikunja mara nne, akaitia ndani ya kofia aende nayo Nyamianda. Bila bahasha!

Huo mstari wa baba nimeurudia kimoyomoyo njia nzima. Barua kumi na moja, na sijawahi kuandika mstari kama huo. Inaniudhi kidogo.

Jumapili, 16 Juni

Haijarudi. Marie-Rose ameimba kwaya misa nzima, macho kwenye kaye ya nyimbo. Hakuyainua hata mara moja. Barua isiyorudi maana yake imekubaliwa? Au wamewashia makaa?

Jumatano, 19 Juni

Naandika haraka, wako nje.

Saa kumi wamebisha hodi. Papa Rénovat na Mama Inamahoro, wamevaa nguo za misa. Nikaondoa karatasi za mtihani mezani, nikawapa viti. Papa Rénovat akasema barua ya baba mdogo imesomwa mbele ya jamaa wote, mara mbili, na jamaa wamekaa kikao. Sasa lazima jibu liandikwe. Na kwao hakuna mwenye mwandiko. Akatoa karatasi mpya, nzuri, akailaza mbele yangu.

Nilifikiri sijasikia vizuri. Nikamkumbusha, kwa heshima, kwamba barua ya kwanza waliirudisha kwa sababu ya mkono huu huu.

"Tulikataza kujiomba," akasema. "Kujijibu hatujakataza."

Hakutabasamu. Mama Inamahoro alikuwa anatazama dari.

Basi nikaandika. Salamu. Shukrani. Heshima kwa baba mdogo na kwa ng'ombe wake. Papa Rénovat anatamka polepole, kama mimi nikiwapa watoto dikte. Halafu: "Kuhusu kijana wenu Espoir..." Nikaandika jina langu kama la mtu mwingine. Nikasahau kuinua kalamu, tone la wino likaangukia juu yake. Akaendelea: "...baada ya kumtazama kwa muda mrefu, sisi jamaa..." Akamtazama shangazi. Wakatoka nje kushauriana.

Nawasikia nyuma ya ukuta. Sauti ya Papa Rénovat. Sauti ya Mama Inamahoro. Na ya tatu — ni Marie-Rose! Alikuwa hapo nje muda wote? Anacheka. Au anakohoa.

Doa limeenea, limemeza nusu ya jina. Kabatini nina karatasi safi za kutosha. Ningeweza kunakili yote upya kabla hawajaingia. Sinakili. Libaki hivyo hivyo, waseme tu hilo neno.

Mlango unasukumwa. Nimeshika kalamu, na herufi ya kwanza ya jibu lao sijui nianze na ipi