Karatasi za Mbuzi

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nimeficha jambo miaka mingi, na moyo wangu huenda usifike Krismasi. Daktari alisema kwa maneno laini, nikamwelewa. Basi niandike. Katika kisanduku chini ya kitanda zimo karatasi za mbuzi.

Wafanyakazi wangu wa Meru ndio waliozipa jina hilo. Kampuni ilikuwa hapa ughaibuni, Agincourt. Wao walikuwa kule, wakisikiliza sauti za madaktari wa huku zilizorekodiwa na kuzichapa. Kila Desemba nilisafiri, nikachinja mbuzi. Nyama ikiwa bado motoni, nilipitisha karatasi: wekeni sahihi, tujue idadi ya sahani. Karatasi ilisema: nimeacha kazi kwa hiari yangu. Januari nawaajiri upya. Sheria ya Kenya humlinda aliyefanya kazi mfululizo. Wangu hawakuwahi kumaliza mwaka!

Kiingereza walikijua kunishinda. Lakini nani husoma karatasi ya mzee aliyemchinjia mbuzi?

Jumatano, 5 Novemba

Kamba ya kisanduku ina fundo jingine. Si langu.

Nani? Thacienne, Mkongomani wa mtaa wa Regent Park anayenihudumia, ndiye hufagia chini ya kitanda. Nimemuuliza. Eti, "Papa, mimi nafagia vumbi, sifagii siri." Akacheka. Amecheka mno. Simwamini.

Alhamisi, 6 Novemba

Binti yangu Gakii amekuja kutoka mji jirani wa Brampton. Kampuni ni yake sasa. Mwezi wa nne alimwachisha kazi Philomena, mchapaji wangu wa kwanza. Philomena ameshtaki kortini, anadai haki za miaka kumi na mmoja. Gakii anajitetea kwa karatasi zangu: kila Desemba mama huyu aliacha kazi mwenyewe. Korti ikiona hata mwaka mmoja haukukatika hivyo, utetezi wote unabomoka. Anataka niape kwamba kila sahihi iliwekwa mbele ya macho yangu.

Nikamuuliza, wewe karatasi umezionea wapi? Kama kawaida, Kiswahili changu akakijibu kwa Kiingereza: nakala ziko kwenye kompyuta. Hakuniangalia usoni.

Jumapili, 9 Novemba

Sikuweza kwenda kanisani. Thacienne amenipa uji, kijiko kwa kijiko. Akanieleza: shirika linalomleta kwangu humsainisha kila mwaka kwamba si mfanyakazi wao, amejiajiri. Akiugua, shauri yake. Nikamwambia ndivyo mambo yalivyo huku.

"Ndiyo, papa. Lakini mie sijapewa hata mbuzi."

Mbuzi! Sikumtajia mbuzi. Anasoma daftari hili! Nimemkazia macho, yeye anafuta kidevu changu tu, pole pole. Sasa daftari limo ndani ya foronya.

Na fundo je? Ni yeye pia?

Jumanne, 11 Novemba

Naandikia chooni, daftari magotini.

Wamefika. Aleem, wakili wa kampuni, ana hati ya kiapo, Gakii ana kalamu. Kisanduku kiko mezani, wazi! Gakii hakuona hata haya: ni yeye aliyekifungua wiki iliyopita nikiwa nimelala, akitafuta karatasi halisi ya 2019. Wakili ameuliza kwa nini wino wa mwaka huo ni tofauti. Nikakohoa. Gakii akaniinamia sikioni, na kwa mara ya kwanza mwaka huu akanena Kiswahili, ili Aleem asielewe: "Baba, wewe sema tu alisaini."

Kumbe anajua. Nimeomba dakika tano.

Gakii anabisha mlango, anauliza. Niko sawa? Namsikia Thacienne akimjibu: "Mwache mzee, mama. Tumbo halijui korti."

Dakika zimekwisha. Naandika upesi.

Desemba 2019 Philomena hakula mbuzi. Alikuwa wodini, amejifungua usiku wa kuamkia siku ya mbuzi. Nilimpelekea supu ya mbuzi yuleyule. Akanionyesha mtoto, akasema amempa jina langu, Gitonga. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, imekwisha kusainiwa.

Sahihi ile niliiandika mimi.