Risasi kwa Ajili ya Taa ya Namba

Nyumbani, ghorofa ya pili, juu ya duka la vitambaa
Jumatatu asubuhi, tarehe 9

Mpendwa mdogo wangu,

Salamu tele kutoka kwetu sote. Hujambo huko ulipo? Na kile kifua kilichokuwa kinakusumbua, kimetulia? Unakula chakula cha maana, au bado unaishi kwa chai na mkate kama mlinzi wa zamu? Sisi wazima, tunapumua. Hilo neno la mwisho nimeliandika kwa makusudi, maana mwezi uliopita nusura liwe uongo kwa mmoja wetu.

Kwenye simu nilikudokezea tu. Shangazi alikuwa amekaa pembeni yangu, na sikutaka ayasikie upya. Leo ametoka, kwa hiyo nakueleza yote.

Jioni ile shemeji yako alikwenda kumchukua Shangazi hospitali, alikotolewa bandeji ya jicho. Unalijua gari letu. Mume wangu ni fundi umeme wa magari, mtaa mzima unamwita Waya, anatengeneza taa za kila mtu isipokuwa zake mwenyewe. Ile taa ndogo ya nyuma inayomulika kibao cha namba ilikuwa inawaka ikijisikia. Gari likiruka shimo, inazima. Ukigusa waya fulani chini ya usukani, inawaka tena. Nilimsema mpaka mdomo ukachoka.

Walipofika karibu na kituo cha mafuta, gari la polisi likawamulika kwa nyuma. Akaegesha vizuri, akashusha kioo. Akaja askari kijana, mpole tu, akamwambia taa ya namba haiwaki. Unamjua shemeji yako, hawezi kuona kitu kibovu akatulia. Akasema, "Ngoja afande, nikuwashie sasa hivi." Akainama, akapeleka mkono chini ya usukani.

Shangazi alikuwa kiti cha nyuma. Anasema alisikia neno moja, "Mikono," na kabla halijaisha bastola ikalia.

Kwa kuwa Waya alikuwa ameinama, risasi ilipita juu ya mgongo wake ikavunja kioo cha upande wa pili. Kule kuinama kulikomponza ndiko kulikomwokoa. Nimeligeuza jambo hili kichwani mara nyingi, na bado sijui niliweke wapi.

Yule askari alibaki amesimama, bastola mkononi. Akauliza, "Mzee, nimekuua?"

Waya akamjibu, "Sijui."

Shangazi ndiye aliyefungua mlango. Alishuka polepole, jicho moja bado linatoa machozi ya dawa, akamwambia, "Iweke chini, mwanangu." Yule kijana akailaza barabarani, kisha akakaa chini hapohapo kando yake.

Walipofika nyumbani nilikuwa kwenye cherehani, namalizia sare za shule. Nikaona vipande vya kioo vinang'aa kwenye nywele za Shangazi. Waya akaniambia, "Nimepigwa risasi, ila haikunipata." Basi nikacheka. Nilicheka kama mtu aliyeambiwa kichekesho, mpaka Shangazi akanishika mabega. Akili yangu ilikataa kabisa kuipokea habari ile.

Kesho yake tukaletewa karatasi ya kosa. Kosa: kuendesha gari bila taa ya namba. Lile la risasi halikuandikwa popote.

Nikampigia Kaka. Nilidhani yeye, trafiki wa siku nyingi na mkubwa wetu, ndiye atakayetupigania. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Shemeji alitakiwa aache mikono juu ya usukani." Si pole, si nini. Nikakata simu.

Habari ilienea, na halmashauri ikaitisha kikao cha wananchi: je, polisi waendelee kusimamisha magari kwa makosa madogo, au waache? Ukumbi ulijaa, watu wakasimama hadi kwenye ngazi. Dereva mmoja wa teksi alisema husimamishwa kwa ufa wa kioo ambao hata yeye huutafuta kwa kidole. Kaka alisimama na sare yake, akaeleza jinsi alivyowahi kusimamisha gari lenye taa moja, akakuta ndani ya buti mtoto aliyeibwa, yuko hai. Watu walimpigia makofi, na kusema kweli hata mimi nilipiga.

Kisha akasimama mama mmoja mwuza maua. Binti yake aliligonga lori kwa nyuma akiwa kwenye pikipiki, kwa sababu lori halikuwa na taa hata moja. Akasema, "Lile lori lilipita mbele ya askari, wakaliangalia tu. Mwanangu hakuliona." Akakaa. Nilikuwa nimekwenda na hasira zangu nimezipanga vizuri. Zikanipotea zote.

Zamu ya Waya ilikuwa baada ya yule mama. Nilimwonea huruma. Alisimama akasema, "Malori yasiyo na taa wayasimamishe, mama huyu amesema kweli. Yangu ilikuwa balbu ya ukubwa wa punje ya mahindi. Wangeniandikia nyumbani, ningeitengeneza." Kisha akauliza yule askari kijana anaendeleaje. Baadaye tukasikia amesimamishwa kazi mpaka uchunguzi uishe.

Madiwani waligawanyika, lakini wengi wakakubali: taa ya namba, stika, ufa wa kioo na mambo ya namna hiyo, gari lisisimamishwe, mwenyewe apelekewe taarifa. Breki, matairi na taa kubwa, palepale. Ni kwa majaribio. Kaka alitoka akisema wamewafunga polisi mikono, akatupita mlangoni kama watu asiowajua. Shangazi alimwita kwa jina lake la utotoni. Hakugeuka.

Sasa, mdogo wangu, hiki ndicho kilichonifanya nishike kalamu. Jana Kaka alikuja. Kaptura, kandambili, hana hata salamu ndefu. Akamwambia Waya, "Twende kwenye gari, unionyeshe ulichofanya." Nikawafuata, maana niliogopa watashikana.

Waya akaketi kwenye usukani. Kaka akasimama dirishani, mahali pale pale aliposimama yule kijana. "Taa yako ya namba haiwaki," akasema, kwa sauti ya kazini. Waya akajibu, "Ngoja afande, nikuwashie." Akainama.

Niliuona mkono wa Kaka. Ulikwenda kiunoni peke yake, haraka, kabla uso wake haujabadilika. Hakuna bastola pale, ni mpira wa kaptura tu. Vidole vikabaki vimeushika mpira ule.

Waya akainuka, akamwona. Wakatazamana. Kaka akautazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, akasema taratibu, "Na mimi ningefyatua."

Baadaye Kaka akaingia ndani, akakaa miguuni pa Shangazi kama alipokuwa mdogo, naye akamwekea mkono kichwani. Leo asubuhi kapiga simu. Anataka kusema mbele ya madiwani, na safari hii bila sare.

Msalimie sana wifi yangu, na yule mtukutu wenu umbusu mashavu yote mawili. Shangazi anakuombea, jicho lake sasa linatunga uzi kwenye sindano. Waya anakusalimu, na Kaka vilevile, kaniagiza mwenyewe. Mwenyezi Mungu akutangulie kila utokapo na akurudishe mzima kila uingiapo.

Ni mimi dada yako, nikupendaye tangu nilipokuwa nakubeba mgongoni.