Magodoro Sita ya Kuazima

Mama,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kile kibao chako nje ya materniti, wodi ya wazazi, pale ulipokuwa ukivua ndala kabla ya kuingia kwa mama mwenye uchungu. Zile ndala za bluu tulimpa Furaha. Amezivaa hadi zimetoboka kisigino, na ukimwambia azitupe ananuna kama zamani. Mdogo wangu huyo ni mjamzito, mama. Mwezi huu ndio wake. Nimeanza na hilo kwa sababu kama ningekuwa mimi ndiye niliyekufa, hilo ndilo ningetaka kuambiwa kwanza.

La pili ni gumu. Nimelitaja jina lako mbele ya watu wa serikali, na sikukuomba ruhusa. Naiandika barua hii wazi, wengine nao waisome, kwa sababu jambo lenyewe tulilifanya wazi, mchana kweupe, tena tukiimba.

Unaikumbuka siku ile? Nilikuwa nimerudi likizo kutoka Bukavu, nikisomea afya ya jamii, kichwa kimejaa maneno ya Kifaransa. Ilitangazwa kanisani kwamba wageni kutoka mkoani watakuja kukagua kituo chetu cha afya, waone kinachokosekana, ili ijulikane nini kipelekwe wapi. Nilidhani utafurahi. Materniti ilikuwa na vitanda sita vya chuma na haikuwa na godoro hata moja. Yale ya zamani yalikuwa yameloa damu na maji kwa miaka mingi hadi mkayachoma nyuma ya choo. Wanawake walijifungulia juu ya vikwembe, vitenge vyao wenyewe, vimekunjwa mara nne juu ya nyaya.

Wewe ulifunga kitambaa kichwani ukasema, "Eliza, twende. Tunaenda kuazima."

Tukapita nyumba kwa nyumba kuomba matela, magodoro ya siku moja tu. Mama Riziki, muuza ndakala, dagaa wa ziwani, alilitoa godoro lake huku akicheka: "Leo bwana yangu atalala chini, ajue vile mi nalalaka akirudi na pombe yake!" Mama Goreth, aliyevuka kutoka Burundi na watoto watatu na sasa analima nyuma ya shule, hakuwa na godoro. Alikuletea shuka lake la maua mekundu, jipya, bado limo ndani ya mfuko wa plastiki. Ulikataa. Akakusukumia kifuani. "Mugeni wa Leta ni mugeni wetu wote," alisema. Leta, yaani serikali. Hivyo ndivyo tunavyoiita hapa, kama jina la mtu fulani anayeishi mbali na ambaye siku moja atapita.

Godoro la sita lilikuwa lako. Tulilibeba kichwani, wewe mbele, mimi nyuma, na nilichokiona njia nzima ni visigino vyako tu.

Nilikuuliza nikiwa chini ya godoro, "Mama, si wanakuja kuona tunachokosa?"

Hukugeuka. "Mugeni habamuonyeshe njala, mutoto yangu. Anakula, anaenda, kisha njo unalia."

Ndivyo ulivyotulea. Mgeni akifika kuku anachinjwa, na sisi baadaye tunakula bukari na sombe, ugali na kisamvu kisicho na mafuta, wiki nzima, tukijua kwamba jina la nyumba yetu limebaki zuri. Hata kabatini ulipanga maboksi matupu ya dawa, majina yakitazama mlangoni. Ulifanya hivyo kwa uangalifu uleule uliotumia kupanga vikombe vya wageni. Sikuuona uongo mikononi mwako. Niliona heshima.

Walifika na magari mawili yaliyojaa tope hadi kwenye vioo. Tuliimba. Walikula. Wakapita kati ya vitanda, na mmoja wao akabonyeza godoro la Mama Riziki kwa vidole viwili, kama mtu anayenunua avoka. "Très bien, mama," alisema. "Hapa muko na bahati." Ukainamisha kichwa kama bibi arusi. Hawakumuuliza hata mjamzito mmoja. Sisi nasi hatukuwaambia neno. Jua halijazama kila godoro lilikuwa limerudi kwa mwenyewe.

Baadaye ikaja nakala ya ripoti, ikabandikwa ndani ya ofisi. Materniti: vitanda sita, magodoro sita, shuka kamili. Dawa: zipo. Miezi ikapita. Siku moja lori likapita hapa mbele na magodoro mapya, yamefungwa nailoni, likashika barabara ya kwenda Fizi. Ulisimama mlangoni na aproni yako nyeupe ukalitazama hadi vumbi likatulia. "Basi," ulisema, "benyewe bako na shida kutupita." Ukarudi ndani. Huenda ilikuwa kweli. Ila hata kama ilikuwa kweli, hakuna aliyetupima na watu wa Fizi. Tulijipima wenyewe, tukajiondoa kwenye mizani.

Kisha ikaja asubuhi uliyoanguka ukiwa kazini. Walikulaza kwenye kitanda cha dirishani, juu ya nyaya, kwa sababu hapakuwa na pengine. Furaha akatoka mbio kwenda nyumbani kuleta godoro lako. Mimi nilikushika mkono. Mdomo wako ulikuwa umeanza kupinda upande mmoja, lakini ulitutazama wote tuliokuzunguka, ukasema polepole, "Leo miye njo mugeni, na hamukuniazimia ata matela."

Tulicheka, mama. Mimi pia nilicheka. Bado nakisikia kile kicheko changu.

Papa Etabo, mkuu wa kituo, alifungua kabati kutafuta dawa ya presha. Akashika boksi, akalitikisa, akalirudisha. Akashika jingine. Nilimwona akilifunga kabati taratibu kama anayefunga mlango wa chumba cha mtu aliyelala. Pikipiki ya kukupeleka hospitali ilikuwa bado inatafutwa. Furaha alipotokea mlangoni na godoro kichwani, nilikuwa tayari nimekufunika uso na kikwembe.

Godoro halikukuua, wala lisingekuokoa. Nimesoma, najua kutofautisha mambo hayo. Ila tangu siku ile nimekuwa nikitembea na swali moja, na kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kuuliza, sina pengine pa kulipeleka. Ni nani aliyetufundisha kwamba serikali ni mgeni? Mgeni hupewa kiti, hupewa maji ya kunawa, haulizwi umeniletea nini. Lakini mwenye kazi ya kutunza hospitali si mgeni wa hospitali. Tunapompigia vigelegele kwa sababu amefika tu, tunamwondolea mzigo wake bila yeye kuomba. Anaondoka mwepesi. Mzigo unabaki hapa, na anayeubeba ni mwanamke aliyelala juu ya chuma.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kama ni kosa.

Mimi ndiye mwandishi wa komite ya afya siku hizi. Mwezi uliopita ilikuja barua kwamba wageni wanarudi, safari hii kuchagua materniti zitakazowekewa vifaa. Watu wanazidi kushuka kutoka milimani kwa sababu ya vita, na vitanda ni vilevile sita. Tukakutana chini ya paa la mapokezi. Kabla hata ya sala kuisha vizuri, Papa Etabo akanigeukia.

"Secrétaire, andika majina ya bamama benye kutuazimisha matela."

"Papa, safari hii tusiazime."

Alivua miwani. "We unataka nifungwe? Raporo inasema matela sita. Bakikuta chuma tupu batasema Etabo ameuza!"

"Tutawaambia ukweli."

"Ukweli gani? Kwamba mama yako alidanganya Leta? Utasimama useme ivyo, we mutoto yake mwenyewe?"

Mama Riziki peke yake ndiye aliyesema, "Etabo, kunywa kwanza maji."

Usimkasirikie, mama. Ana watoto, na hofu yake ilikuwa ya haki. Uongo ule ulikuwa umegeuka karatasi, na karatasi ilikuwa inamngoja mtu wa kumshika. Ama tungeazima tena, jina lako likabaki safi na vitanda vikabaki vitupu, ama ningekutaja wewe, ambaye huwezi tena kujitetea. Nilirudi nyumbani, nikakaa kando ya godoro lako siku nzima. Sikuombi uamini kwamba nilikuwa jasiri. Nilikuwa natafuta namna ya kusema bila kukusema.

Kilichonisaidia ni sauti yako mwenyewe. Nilikumbuka wale wasichana wa mimba ya kwanza, wanabana magoti kwa haya, na wewe unawapapasa paji la uso: "Mwenye kuficha uchi hazalake, mutoto yangu. Fungua. Hapa hatukucheke." Uliyasema hayo kila siku ya maisha yako kwa kila mwanamke aliyelala pale. Siku moja tu, kwa ajili ya wageni, hukuyasema.

Orodha ya kuazima sikuiandika. Walipofika, vitanda vilikuwa uchi na kabati limefunguliwa. Hatukuimba. Kulikuwa na maji ya kunywa na viti, basi. Kijana aliyeshika makaratasi alitazama ripoti, akatazama nyaya, akatazama tena ripoti. "Matela sita iko wapi?"

Papa Etabo alikuwa ameshika ukuta. Nikasema, "Yalikuwa ya kuazima. Aliyeazima ni mama yangu, mkunga wa hapa. Mimi nilibeba upande wa nyuma."

"Yeye iko wapi?"

"Amekufa. Pale." Nikamwonyesha kitanda cha dirishani.

Mkubwa wao akakohoa. "Mademoiselle, marehemu hawezi kujibu. Ni rahisi kumubebesha."

Hapo ndipo Mama Riziki aliposukuma watu, bado ananuka ndakala. "Ya karibu na mulango ilikuwa yangu. Iko na tundu la moto pembeni, bwana yangu alisinzia na sigara. Kuya nyumbani uone, ni karibu." Nyuma yake mwingine akasema la pili lilikuwa lake. Na mwingine. Walisimama mmoja mmoja, mama, kila mtu kando ya kitanda alichokivika siku ile, hadi vitanda vyote vikawa na mtu isipokuwa cha dirishani, kilichokuwa na godoro lako. Nikaenda kusimama hapo mimi. Mama Goreth alikuwa ametoka. Akarudi akihema na shuka la maua mekundu, bado limo ndani ya mfuko. Tangu siku ile hakuwahi kulitandika. "Dra ilikuwa hii," alimwambia mkubwa wao. "Tulikuwa tunakuogopa, papa. Leo tumechoka kukuogopa."

Mkubwa wao aliketi kitandani. Nyaya zikalia. Akanyanyuka, akaketi tena kama hakuamini, kisha akaomba kalamu.

Nilimwomba nakala ibaki, ibandikwe mlangoni kwa nje, na iwe na jina la mtu wa kujibu na siku ya kurudi. Akasema, "Haiko kawaida."

"Ata kuzalia juu ya chuma haiko kawaida," alisema Mama Riziki, "na tunazalaka."

Akasaini.

Karatasi iko hapa mlangoni, nyuma ya mgongo wangu ninapoandika. Magodoro: hakuna. Dawa ya presha: hakuna. Sijui kama watarudi siku waliyoandika. Barabara ni mbaya, vita vinahamahama, na ahadi ya kwenye karatasi bado ni karatasi. Lakini kila mama anayekuja kupima mtoto anaisoma, na asiyejua kusoma anasomewa. Jana bibi mmoja alisimama hapa, akaweka kidole kwenye lile jina, akauliza, "Huyu njo nani? Nyumba yake iko wapi?" Sijawahi kumsikia mtu wa hapa akiuliza hivyo kuhusu Leta.

Na Papa Etabo leo asubuhi alinisaidia kubeba godoro lako. Alibeba mbele. Tumeliweka kwenye kitanda cha dirishani, kwa ajili ya Furaha. Kabla ya kulitandika nilichukua kalamu nene nyeusi nikaandika ubavuni, kwa herufi kubwa, kuanzia pembe hadi pembe: LA KUAZIMA. MWENYEWE NI MAMA ELIZA. Atakayekuja kulibonyeza kwa vidole viwili atasoma kwanza. Kama nimekuaibisha, nisamehe. Nilitaka jina lako liwe juu ya kitu cha kweli.

Naona Furaha anakuja. Mama Riziki amemshika kiuno, na wanasimama kila hatua tano. Anafoka, halafu anacheka, halafu anafoka tena. Sasa amefika. Amevua ndala zako hapa kando ya kibao, kama ulivyokuwa ukizivua.

Ananiita. Naingia, mama.

Binti yako mkubwa,
aliyebeba upande wa nyuma