Ufa Nyuma ya Bega la Benoît

Élisabethville, Jumapili ya kwanza ya Oktoba

Joto kali, vumbi jekundu hadi kwenye meno, mvua bado. Nina hasira hadi chakula cha mama nimekiacha.

Leo baada ya misa Padri alionyesha sinema katika ukumbi wa parokia, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Mimi, kama kawaida, nilisimama kando ya shuka jeupe nikiwasomea watu maneno kwa Kiswahili. Ndiyo kazi yangu. Padri hunipa karatasi ya Kifaransa wiki moja kabla, naitafsiri nyumbani, na picha naziona siku ileile pamoja na watu wote. Sijawahi kulalamika. Nilijiona mtu mkubwa.

Filamu yenyewe ilipigwa na Mzungu mmoja kwenye tanuru la matofali alikofanya kazi mdogo wangu Benoît. Huko mjini, kwenye klabu yao ya sinema ambamo sisi hatukanyagi, wameishangilia wiki nzima. Sanaa, wanasema. Moshi, mwanga, migongo yenye jasho. Nilijua ni tanuru lile. Sikujua kama Benoît yumo.

Yumo.

Alitokea uso mzima, anacheka, miezi mitatu tangu ukuta wa tanuru umwangukie tukamzika. Na mdomo wangu, mpumbavu mimi, ukasoma sentensi niliyoipamba mwenyewe: "Jioni kila mtu anarudi kwake salama."

Mama alikuwa benchi la mbele. Akasimama, akanitazama mimi, si shuka.

"Unasema kila muntu anarudia ku nyumba. Benoît atarudia siku gani?"

Mashine inanguruma. Padri akanigusa mgongoni: "Endelea, mwana wangu."

Nikaendelea.

Naandika hapa kwa sababu sina pa kwenda kuungama. Wa kumwungamia ndiye aliyeniambia niendelee.

Na si hilo tu. Nyuma ya bega la Benoît niliuona ufa, umeteremka kutoka juu ya ukuta hadi chini, upana wa kidole. Benoît alitusimulia habari za ufa huo tukila. Alimwambia kapita wake, msimamizi wao, kapita akamwambia bwana mkubwa wa tanuru. Baada ya mazishi bwana mkubwa alituita ofisini akasema ufa haukuwepo, kijana alikuwa mzembe. Mama akaweka dole gumba kando ya jina lake, Agnès, kwenye karatasi inayosema hivyo. Aliyemsomea karatasi ile ni mimi.

Mzungu wa kamera aliuona? Aliuona vizuri sana! Ameuweka katikati ya mwanga kwa sababu unapendeza. Kisha akafunga mashine yake, akaenda zake, bila kuuliza hata jina la aliyemchekea.

Jumapili ijayo filamu inaonyeshwa tena, kambini kwa wafanyakazi wa tanuru. Bwana mkubwa amealikwa, atakaa mbele. Padri amenirudishia karatasi, eti nisome kwa utulivu zaidi.

Kazi nitaipoteza, najua. Naogopa, sijidai shujaa. Lakini karatasi nimewashia makaa ya mbabula, jiko letu. Mama aliiona ikiungua, akateleka maji ya ugali juu yake.

Maneno mapya nitakayosoma ni machache, sihitaji kuyaandika mahali pengine. Huyu ni Benoît, mwana wa Agnès. Tazameni ukuta ulio nyuma yake.