Moto Usiozimwa kwa Kupuliza

Jumatatu, 6 Juni 1983

Daftari, unisamehe. Tangu Pasaka sijakugusa. Minza anaota meno, nami nalala vipande vipande. Sasa hivi kalala, uji umeshaepuliwa, nina nafasi kidogo.

Baba Minza karudi kutoka Geita na jiko la gesi. Mzungu ambaye yeye alikuwa dereva wake kwenye utafutaji wa dhahabu kamaliza mkataba, kamwachia. Jiko la mioto miwili, mpira wa kupitishia gesi, mtungi umejaa. Nina furaha kama bibi harusi. Kuni hapa Tinde zimekuwa safari.

Mama mkwe, aliyekuja kunisaidia mtoto, kalizunguka jiko mara mbili. "Kuni zake zinaingilia wapi?"

Jumanne, 7 Juni

Fundi Hamisi, jirani yetu, kaja kulifunga. Mtungi kautoa nje, wima, kivulini. Mpira kaupitishia ukutani. Kisha akaomba povu la sabuni. Sabuni! Kipande changu cha mwisho, cha nepi. Nimekata robo kwa uchungu. Kapaka kwenye maungio, povu likaanza kututumka pale mpira unapoingia kwenye jiko. Inavuja. Kakata ncha iliyochanika, kakaza, kapaka tena. Povu likatulia.

Moto ulikuwa wa njano, unapaka sufuria masizi. Kageuza kipete cha hewa kidogo kidogo mpaka ukawa wa buluu.

Kasema gesi ni nzito, hutulia sakafuni. Ikinuka: funga mtungi, fungua mlango, usiwashe chochote. Naandika nisisahau.

Alhamisi, 9 Juni

Baba Minza kaondoka na basi la asubuhi, karudi Geita kutafuta kazi. Chai inachemka kabla sijamaliza kumfunga mtoto mgongoni. Raha.

Ijumaa, 10 Juni



Nilikwenda bombani, ndoo moja tu. Narudi, harufu mlangoni. Minza kalala mkekani, chini kabisa. Mama mkwe kainamia jiko, kiberiti mkononi, njiti imeshatoka. Nikampokonya. Nikanyakua mtoto, nikamvuta mama kwa khanga yake mpaka uani, majirani wanatazama, nikafunga mtungi.

Kumbe chai ilipochemka aliupuliza moto. Kama koroboi. Gesi ikabaki wazi. Kisha akataka kuwasha tena apashe uji.

"Moto nimeuzima mwenyewe. Kelele za nini?"

Kosa langu. Nilimwonyesha kuwasha. Kuzima, nilidhani kila mtu anajua.

Minza mzima. Ananyonya. Namwangalia tu.

Jumamosi, 11 Juni

Mama mkwe kagoma kula. Kafunga mzigo. Anasema mkamwana anayempokonya mkwewe leo, kesho atampiga. Akiondoka sina wa kuniangalizia mtoto, na ukoo mzima utasema nimemfukuza. Nimeogopa.

Saa nane mchana nikapiga magoti mbele ya mzigo wake. Nikasema, mayu, mama yangu, kwa kukuvuta mbele ya majirani, nisamehe. Kwa kiberiti siombi msamaha. Ukikishika tena gesi inanuka, nitakupokonya tena.

Akakaza fundo la mzigo. Mimi nami sikuinuka. Mwisho kacheka, hakutaka lakini kacheka.

"Mwanangu kaoa ng'ombe dume. Haya, nionyeshe hicho kishikio cha kufungia gesi."

Tumegeuza mara kumi, huku mtungi umefungwa. Kuwasha: njiti kwanza, kishikio baadaye. Kuzima: kishikio, kisha mtungi. Kupuliza, hapana.

Jumapili, 12 Juni

Mzigo kaufungua mwenyewe. Chai ya leo kaipika yeye. Alipofika kuzima, kageuza kwa mkono mmoja, wa pili kajiziba mdomo. Hakuniangalia. Nami nikajifanya napepeta mchele.

Dereva wa basi anapita kesho, nitampa barua ya kumpelekea Baba Minza. Namwagiza atume:

Mpira mpya wa gesi, futi tano, usiwe na ufa.
Vikaza mpira viwili.
Sabuni ya mche, mmoja.
Kitanda cha mtoto, cha mbao, miguu mirefu. Hicho kitangulie.