Mistari Minene ya Akhirnahari

Vicuña, 12 Oktoba 2003

Mdogo wangu Otilia,

Kuna kitu nimekuficha miaka thelathini na tisa: kioo cha kupigia picha, vile vya zamani vya badala ya filamu, ukubwa wa kiganja, kiko kwenye droo yangu chini ya soksi za baridi. Nimeanza nacho kwa sababu nikianza na salamu nitaishia kwenye salamu, kama kila mwaka.

Sasa salamu. Hujambo? Magoti je? Shemeji Radomir bado anakohoa na bado anavuta? Mimi moyo umechoka. Daktari wa La Serena aliusikiliza, kisha akaniuliza kama nina ndugu wa mbali. Nikamwambia ninaye, yuko Punta Arenas, mbali zaidi ya hapo ni barafu. Akasema nimwandikie.

Kioo chenyewe ni kile cha Novemba 1964, cha nyota ya Akhirnahari. Unakumbuka kazi yetu kule kilimani: mimi kwenye darubini, wewe kwenye chumba cha giza unasafisha vioo, na Dakta Hellwig, mkubwa wetu, akitugombeza wote wawili kwa Kihispania cha kuokoteza. Mwanga wa nyota tuliuchanua kama upinde wa mvua, na ndani yake tukasoma mistari myeusi. Safari ile mistari ilitoka minene, imefifia, kama wino kwenye karatasi iliyolowa. Nikaenda kwa Hellwig nikasema umechezea skrubu ya fokasi, kioo kimeharibika, nimekitupa. Ukaachishwa kazi.

Sikukitupa. Wala hakikuharibika. Mwaka huu vijana wa kule kaskazini wameunganisha darubini zao wakaipima nyota ile, na unajua wamekuta nini? Si duara. Imebanwa juu na chini kama mkate wa hallulla alioukalia mtu. Kiunoni ni pana mara moja na nusu kuliko urefu wake. Inazunguka zaidi ya kilomita mia mbili kwa sekunde. Kwa mwendo huo barua hii ingekufikia kwa sekunde kumi na kidogo, badala ya siku tisa za posta yetu. Upande mmoja wa nyota unatujia, mwingine unatukimbia, basi kila mstari unavutwa huku na huku mpaka unanenepa. Ukungu haukuwa wako, Otilia. Ulikuwa wa nyota.

Nisamehe. Na uje Krismasi, kama moyo huu utakusubiri.

Kaka yako,
Belisario


Punta Arenas, 27 Oktoba 2003

Kaka Belisario,

Shikamoo, na pole kwa moyo. Magoti yanalia kama mlango wa kanisa. Radomir anakohoa, anavuta, anakusalimu. Barua yako nilicheka mpaka akaja kuniuliza nani kafa.

Soksi za baridi, kaka! Vicuña kuna baridi gani? Ndiyo maana hakuna aliyefungua droo hiyo.

Nikwambie ulichonifanyia. Niliposhuka kilimani nilikwenda mbali kadiri barabara ilivyofika, nikafungua studio ya picha. Miaka thelathini na sita. Mji huu wote umekaa kwenye kiti changu: mabaharia, maharusi, askofu mmoja ambaye picha yake ilitoka na vinyweleo vya pua vinahesabika, akakataa kuichukua. Nilikuwa nampigia kila mteja mara tatu kwa kuogopa ukungu. Watu wakaniita Bibi Tena. "Bibi Tena, watoto wanasinzia." Nikalea wanangu wanne kwa woga huo huo, na sijuti hata kidogo.

Nyota yako haizami huku. Kule kwenu inajificha nyuma ya milima, hapa iko juu ya bati langu mwaka mzima, ya bluu kama moto wa gesi. Huwa naisalimia nikitoa takataka.

Sasa swali moja. Pembeni mwa mistari ya nyota tulipiga, kwenye kioo hicho hicho, na mistari ya ile taa ya cheche za chuma, ya kulinganishia. Fokasi ikiwa mbaya, ya taa nayo inanenepa. Fokasi ikiwa nzuri, ya taa inabaki myembamba. Hilo ulinifundisha mwenyewe. Mistari ya taa uliitazama lini? Kabla sijaondoka, au baada?

Usinijibu kwa nyota. Nijibu kwa tarehe. Nikipata tarehe ya kweli nitakata tiketi.

Mdogo wako,
Otilia


Vicuña, 11 Novemba 2003

Mdogo wangu Otilia,

Hujambo, na Bibi Tena hajambo? Nimecheka nikalazimika kukaa. Nieves, mjukuu wangu anayenitunza, amenikataza kucheka kabla ya kula. Chakula chenyewe uji wa unga wa kukaanga asubuhi na jioni. Pombe ya pisco nanusa tu, kwa jirani.

Umenikataza nyota, lakini hii lazima uijue. Kwa sababu ya kubanwa vile, Akhirnahari haina moto sawa mwili mzima. Juu na chini, karibu na moyo wake, inawaka vikali. Kiunoni imepoa, maana pametanuka mbali. Ukichukua wastani, ni moto mara mbili na nusu kuliko jua letu, na mwanga wake ni wa majua elfu tatu. Inazunguka mpaka inajimwaga: hewa inaruka kiunoni na kuizingira kama sketi ya mcheza ngoma ya cueca. Na mwanga unaousalimia wewe na takataka zako uliondoka kule kabla bibi yetu hajazaliwa. Si ya kuchekesha, hiyo?

Kuhusu tarehe, nadhani ilikuwa 1965, mwanzoni. Wewe ulikuwa umeshaondoka.

Chumba chako kimepakwa chokaa.

Kaka yako,
Belisario


Punta Arenas, 21 Novemba 2003

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Sketi ya cueca nimeipenda, nimemsimulia Radomir.

Tarehe yako ni ya uongo, tena umeiandika kwa mwandiko mzuri kuliko barua yote. Siku niliyoondoka ulinibebea sanduku kutoka kilimani mpaka kituo cha basi, mwendo wa saa mbili juani, hukupumzika. Wewe, ambaye hata sahani yako ulikuwa unaiacha mezani mama aitoe. Nilikaa dirishani najiuliza, huyu ana nini leo?

Sijakasirika. Nina miaka sabini na moja, hasira inanichosha kuliko ngazi. Ila nataka nikija nimkumbatie kaka yangu, nisimkague kama mteja kwenye kiti. Radomir ametushikia nafasi kwenye ndege, bila kulipa, mpaka Ijumaa ya tarehe tano Desemba. Tuma jibu kwa basi la haraka.

Mdogo wako,
Otilia


Vicuña, 28 Novemba 2003

Mdogo wangu,

Hujambo. Mimi leo sijambo sana, nimelala kama mtoto. Nieves amechagua mbuzi wa Krismasi, mapapai yamefungwa kwenye gazeti yaive, na jirani ameombwa afunge jogoo wake. Mwambie Radomir akate tiketi hizo, au asikate, lakini asome barua hii mpaka chini.

Jumanne, tarehe 24 Novemba 1964, saa nne asubuhi. Niliweka kioo kwenye hadubini dirishani. Mistari ya taa ilikuwa myembamba kama nywele. Wewe uliondoka Alhamisi.

Jumatatu nilikuwa nimeshakwenda kwa Hellwig kukushtaki, kwa haraka, bila kutazama. Jumanne ilikuwa ni kurudi tu, hatua arobaini za ua, nikaseme nimekosea. Nilisoma Santiago miaka minne, Otilia. Nilijua nyota za bluu huzunguka kwa kasi. Nilifika mlangoni mwake mara mbili. Mara ya pili alifungua akaniuliza nataka nini, nikamwomba kiberiti.

Na hujaniuliza hili, labda kwa kunionea huruma. Jumapili ile ulipokitoa kioo majini, ukakiinua kwenye taa nyekundu, ulisema, "Kaka, nyota hii inazunguka." Bomba lilikuwa linamwaga maji. Nikakuuliza, "Unasemaje?" Ukakirudisha kioo majini, ukadhani umesema upuuzi.

Nilikusikia.

Kaka yako,
Belisario